Sura ya Sita: Mbegu Halali Zisizoota

Inspekta Nabalayo alihesabu mara ya tatu, na mara ya tatu zikawa zilezile saba. Punje mia za mahindi zilikuwa zimelazwa kwenye gunia bichi kwa siku saba, zikamwagiwa maji asubuhi na jioni, na saba tu ndizo zilizotoa mkia. Nyingine zilivimba na kuoza, rangi yake nyekundu ya dawa ikaingia kwenye gunia. Pembeni, juu ya meza ileile, gunia la pili lilikuwa na punje mia pia. Humo tisini na nne zilikuwa zimeota, ndefu na nyeupe, zenye afya ya kuudhi.

"Hii ndiyo ya dukani kwa Habibah?" aliuliza, ingawa vibandiko alikuwa ameviandika mwenyewe.

"Hii inaota, tulitoa dukani kwa Habibah," alisema msaidizi wake, Koplo Odyek. "Hii imekufa, ile wakulima walirudisha. Lakini wakulima nao walinunua kwa Habibah. Sasa, afande, mimi kichwa yangu inauma."

Kichwa cha Odyek kilikuwa na haki ya kuuma. Kesi yenyewe, ukiisimulia haraka, ilikuwa nyepesi. Mwanzoni mwa Machi kikundi cha wakulima wa upande wa Tororo kilimtuma mwenyekiti wao, mama mmoja aitwaye Apio, aje Kampala kununua mbegu: nyumba sitini, kila nyumba mfuko mmoja wa kilo kumi. Apio akanunua kwa Habibah, mjane wa Kinubi mwenye duka la pembejeo katika akedi moja ya mjini, moja ya yale majengo ya maduka yaliyobanana kama meno. Mvua ikanyesha, watu wakapanda, shamba likabaki na upara. Wiki iliyopita Apio akarudi na mifuko mitatu ambayo ilikuwa haijafunguliwa, akaitua mezani kwa polisi na kusema hatoki mpaka mtu afungwe.

Juzi saa kumi jioni Habibah akakamatwa. Sheria inawapa polisi saa arobaini na nane tu. Leo ikifika saa kumi, ama faili linakwenda mahakamani na jina lake, leseni inafutwa na mama wa watu anapelekwa gereza la Luzira kungojea kesi huku msimu ukimpita, ama anakwenda nyumbani. Katikati hapana kiti.

Lakini kila Nabalayo alipoishika kesi hii nyepesi, iliteleza. Alidhani ni mahindi ya kula yaliyopakwa rangi, kama wafanyavyo matapeli. Odyek akakwangua lebo za mifuko ya Apio, akatuma namba zake kwa simu, na jibu likaja mara tatu: mbegu halali. Maabara nayo ikaandika kwamba aina ni yenyewe na dawa ya kukinga wadudu ni yenyewe. Namba ya fungu, ile inayoonyesha mbegu zilizovunwa na kufungwa pamoja, ilikuwa moja kwenye mifuko ya Apio na ya dukani. Ndugu wa tumbo moja, basi. Mmoja mzima, mwingine maiti, na hakuna jeraha mwilini.

Simu ililia. Alikuwa mkuu wa kituo, na kituo chenyewe hatutakitaja, wenyewe wanajijua.

"Nabalayo, nataka faili saa tisa na nusu. Wakubwa wanataka jina."

"Jina lipo, afande. Kinachokosekana ni kosa."

"Kosa utalikuta njiani," alisema mkuu, akakata.

* * *

Habibah aliletwa bila viatu, kama wanavyoletwa wote. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mnene kidogo, ushungi wake umekunjika kwa kulalia sakafu. Alikaa, akaiweka mikono yake mezani kama mtu anayengoja kupakwa hina.

"Mama Habibah, mifuko sitini uliyomuuzia Apio ilitoka wapi?"

"Dukani kwangu."

"Dukani kwako kuna mbegu zinazoota."

"Basi alhamdulillahi."

"Za Apio hazikuota."

"Mungu ndiye anaotesha, afande. Mimi nauza."

Odyek aliinama kuficha cheko lake. Nabalayo hakucheka. Alifungua daftari lake, akageuza ukurasa wenye mchoro.

"Duka lako nimelipima. Hatua nne kwa tatu. Mbolea imejaa ukuta huu, pampu ukuta ule, dawa nyuma ya kaunta. Mbegu za mahindi nimezikuta mifuko kumi na mbili, na hata hiyo umeibana. Sitini uliiweka wapi?"

"Tuliipanga."

"Juu ya nini?"

Habibah alitazama miguu yake. Kwa mara ya kwanza tangu juzi hakuwa na jibu, na Nabalayo alifurahi, kisha furaha ikamwisha maana kunyamaza kwa mama huyu hakukufanana na kunyamaza kwa mwizi. Mwizi hunyamaza huku akitafuta mlango. Huyu alinyamaza kama mtu aliyekwisha kufunga wake.

"Nimeuza mimi," alisema. "Risiti ni yangu. Andika hivyo."

"Nikiandika hivyo unakwenda Luzira."

"Luzira watu wanarudi, mwanangu. Kuna mahali mtu akitolewa, harudi tena."

"Wapi huko?"

"Nirudishe chini. Nataka kuswali."

Alipoondoka, Nabalayo alibaki akiudhika. Angependa kumchukia, ingemrahisishia kazi. Aliivuta mifuko mitatu ya Apio akaipanga sambamba, kisha akaweka pembeni mifuko miwili iliyotoka dukani. Mstari uleule wa kijani, mshono uleule, maandishi yaleyale. Akaanza upya kutoka juu kwenda chini, sentimita kwa sentimita, kama alivyofundishwa chuoni.

Kwenye pembe ya juu ya mfuko wa kwanza wa Apio palikuwa na tundu dogo. Wa pili nao. Wa tatu nao, pembe ileile. Ukingoni mwa kila tundu palikuwa na kutu kidogo sana, mtu angeweza kudhani ni vumbi. Mifuko ya dukani haikuwa na tundu.

"Panya," alisema Odyek.

"Panya gani anatoboa pembe ileile mara tatu na kuacha kutu? Huo ni waya. Mtu aliifunga kwa waya."

"Matapeli, afande. Wanafunga pamoja wakati wa kusafirisha, mzigo isianguke."

Ilisikika vizuri. Nabalayo aliiandika: *matapeli, waya*. Alipigia mstari neno la pili, akachukua funguo za gari.

* * *

Katika msimu wa kupanda, akedi ya pembejeo haina pa kuweka mguu. Wanunuzi walitoka Luweero, Mityana, Kamuli, wengine mpaka Juba, na kila mmoja alitaka kuhudumiwa jana. Harufu ya dawa ya magugu ilikuwa imeshika kuta tangu zijengwe. Duka la Habibah lilikuwa limefungwa kwa utepe wa polisi, na watu walipita mbele yake bila kutazama, kama wapitavyo mbele ya msiba wa jirani waliyegombana naye.

Duka lililopakana nalo lilikuwa la Mugisho, Mkongo wa Bukavu, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alipowaona alisimama wima nyuma ya kaunta, akaiweka mikono yake pale juu ionekane. Alimtazama Nabalayo kwa namna iliyomchanganya inspekta: hakumtazama kama mgeni.

"Afande, karibu," alisema. "Nilijua mutarudi."

"Turudi? Tumeshawahi kuja hapa?"

Mugisho aliisukuma miwani juu ya pua. Kabla Nabalayo hajamkaba kwa hilo, Odyek alitokea nyuma ya kaunta akiwa amekumbatia furushi, uso umemng'aa.

"Afande, tumeshika. Angalia. Mifuko ya mbegu, mitupu, kama mia. Huyu ndiye anajaza."

Nabalayo alilifungua furushi. Kweli ilikuwa mifuko mitupu ya mbegu, ya kampuni mbalimbali. Halafu akauinua mmoja, akauona mchana ukipita katikati yake: ulikuwa umekatwa chini na pembeni, na juu umeshonwa mikanda miwili.

"Hii ni nini?"

"Ni ya bibi yangu, Julienne," alisema Mugisho, akimaanisha mke wake. "Anashona vikapu, anauzisha Bwaise, bamama banabebea mboga. Mukitaka, nitamupigia aje aseme."

Odyek aliutia mkono ndani ya mfuko, vidole vikatokea upande wa pili. Aliuweka chini taratibu.

"Inashika mboga kweli?" aliuliza, kwa sababu ilimbidi aulize kitu.

"Mpaka mihogo."

Nabalayo alihisi amechoka ghafla. Saa ilikuwa saa sita na robo. Alikuwa na mbegu halali zilizokufa, mama asiyetaka kujitetea, Mkongo anayemfahamu naye hamfahamu, na matapeli waliotoboa matundu halafu wasitapeli chochote. Angeulizwa wakati ule nani mwenye kosa, angejibu ni yule aliyemshauri aache ualimu.

Mteja aliingia, mama wa Kiganda mwenye vazi la gomesi la bluu na haraka.

"Ssebo, pampu ya kunyunyiza iko? Ile ya rita kumi na sita."

Nabalayo alitupa jicho rafuni bila kukusudia. Pampu haikuwepo, hata ya kuchezea.

"Iko, maama. Kaa hapa, kunywa maji," alisema Mugisho. Aliwaomba polisi radhi kwa kichwa, akatoka. Hakufika mbali. Nabalayo alimwona akiingia duka la tatu, akitoka na pampu mpya ndani ya boksi, akirudi bila kukimbia. Mama akaikagua, akalipa, akaondoka na risiti ya Mugisho akijua amenunua kwa Mugisho.

"Ile pampu si yako," Nabalayo alisema.

"Ni yangu. Nimeuza mi."

Maneno yalikuwa yaleyale. Nabalayo alikuwa ameyasikia asubuhi kutoka mdomo mwingine, kwa sauti ileile ya kufunga mlango, akaegemea kaunta.

"Nieleze," alisema. "Si kama polisi. Nieleze kama mtu anayetaka kufungua duka hapa kesho."

Mugisho aliivua miwani akaifuta, kazi iliyomchukua muda mrefu kuliko uchafu uliokuwepo.

"Hapa mutu hasemi sina," alisema. "Ukisema sina, muteja anaenda, na harudi. Unamwambia kaa, unaenda kwa jirani, anakupa, unauza kama yako. Kesho yeye anakosa, anakuja kwako. Na jirani haumutaji. Kwa muteja haumutaji, kwa polisi haumutaji. Kama kitu iko mubaya, ni wewe uliuza, ni wewe unabeba."

"Na ukimtaja?"

"Hakuna atakupa tena hata kamba. Utakaa na duka yako peke yako mpaka ufunge. Batu babili tu bamefanya hivyo tangu nikuje hapa. Bote sasa banauza nguo za mitumba."

Mahali ambapo mtu akitolewa, harudi tena. Nabalayo alijisikia mjinga, si kidogo. Siku mbili alikuwa amemuuliza Habibah mzigo aliuweka wapi, na jibu lilikuwa kwamba hakuuweka popote. Alikuwa na mifuko kumi na mbili. Apio akataka sitini. Habibah akamwambia keti, ukapita mlango wa pembeni mzigo wa mtu mwingine. Ndiyo maana mbegu zake zinaota. Maiti ni za jirani.

Ila jirani gani? Akedi ilikuwa na maduka zaidi ya arobaini, na yote yangemjibu kwa sentensi ileile.

Aliinua macho kwenye rafu ya juu kabisa ya Mugisho. Kati ya makopo, mistari mitatu ya kijani.

"Odyek, hiyo mifuko mitatu. Ishushe."

Odyek alipanda juu ya gunia la mbolea, akaishusha mmoja mmoja. Nabalayo alipitisha kidole kwenye pembe ya juu ya kila mfuko, akakuta kitobo chenye kutu kwa wote watatu. Namba ya fungu ilikuwa ileile.

Mugisho aliketi juu ya kiti ambacho hakikuwepo, akajikuta kwenye magunia.

"Mama Habibah amesema?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hajasema. Angesema asingelala chini siku mbili."

Mwanamume yule alifunika uso. Alilia kimya, mabega tu yakitikisika, na Odyek akageuka kusoma maelezo ya dawa ya viwavi.

"Nilitaka kuja. Juzi nilivaa viatu. Julienne akasema, ukienda watakushika wewe, na yeye hawatamwachilia, mutakuwa wawili. Mi niko na karatasi ya ukimbizi, afande. Karatasi hiyo ikipatikana na kesi, sijui tutaenda wapi tena. Yeye mama anajua. Ndiyo maana ananyamaza."

"Mbegu hizi ulizipata wapi?"

Mugisho aliinua uso. "Afande anauliza kweli?"

"Nauliza kweli."

Alitoa bahasha ya plastiki chini ya droo, akatandaza karatasi mbili juu ya kaunta na kuzinyoosha kwa kiganja. Ya kwanza ilikuwa ya maabara: sampuli ilichukuliwa wiki ya pili ya Novemba, mbegu ni halali na ina uwezo mzuri wa kuota. Ya pili ilikuwa fomu ya kurudisha mali. Mifuko sitini na mitatu ya mbegu ya mahindi, iliyokamatwa katika msako wa tarehe kumi na moja Novemba na kuhifadhiwa stoo ya vielelezo. Imethibitishwa kuwa halali. Irudishwe kwa mwenyewe, tarehe ishirini na saba Februari. Chini palikuwa na muhuri wa kituo na sahihi.

Nabalayo aliisoma sahihi ile kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili, maana hakuna anayetarajia kukutana na mkono wake katika duka la mtu asiyemjua.

Aliukumbuka msako. Maduka kumi na moja kwa asubuhi moja, malori mawili, wapiga picha. Mifuko ya Mugisho hakuikumbuka, wala Mugisho mwenyewe. Februari fomu zililetwa mezani kwake rundo zima. Alitia sahihi akinywa chai, na mzigo wenyewe ukatolewa na mtu wa stoo. Nyani haoni kundule. Wiki nzima alikuwa akitafuta matapeli.

"Tundu ni la nini?" aliuliza, ingawa alijua.

"Ya kikaratasi yenu ya namba. Mulifunga na waya. Mi nilitoa, muteja asione kitu ya polisi."

"Na mbegu ilikaa wapi, Novemba mpaka Februari?"

"Kwenu, kwenye ile kontena ya chuma nyuma ya kituo, pamoja na madawa ya magugu mulikamata. Juu jua, ndani ile moshi ya dawa. Nilikuja mara tatu. Nikasema, mbegu inapumua, iko hai, itoeni hata chini ya mti. Mutu wa stoo akasema ni kielelezo, haiguswi."

"Uliporudishiwa hukuijaribu? Kuiloweka tu?"

"Kujaribu ya nini, afande?" Mugisho hakuuliza kwa ukali, alionekana kweli anataka kujua. "Hapa batu banaogopa mbegu feki. Mi nilikuwa na karatasi ya maabara, karatasi ya polisi, na lebo inajibu halali. Nani mwingine Kampala alikuwa na mbegu kama hiyo? Nilimwambia Mama Habibah, chukua hii, ni salama kuliko yote, polisi benyewe wameikagua."

* * *

Saa nane jua lilikuwa limerudi kwa hasira baada ya mvua ya asubuhi. Nabalayo alikwenda moja kwa moja nyuma ya kituo, akaweka kiganja kwenye ubavu wa kontena. Alikiondoa upesi. Mtu wa stoo alifungua kwa kunung'unika, na hewa iliyotoka ilikuwa nzito, tamu, yenye kuchoma koo. Odyek aliingia, hakumaliza dakika mbili, akatoka akikohoa, macho yanamtiririka.

"Afande, humo huwezi kuacha hata mbuzi."

Ndani kulikuwa na madebe ya dawa ya magugu, mengine yamevimba na kuvuja, na juu yake, kwa mpango mzuri kabisa, magunia ya maharage ya kupanda yaliyokamatwa Machi kutoka duka jingine, yakingoja jibu la maabara. Kila gunia lilikuwa na kikaratasi chake, kimefungwa kwa waya.

"Yatoe yote," alimwambia mtu wa stoo. "Yaweke barazani."

"Ni vielelezo, afande. Haviguswi mpaka..."

"Yatoe."

Alisimama pale akiunganisha mambo, na yaliungana bila kusukumwa. Maabara haikudanganya: ilipima sampuli ya Novemba, wakati mbegu ilikuwa hai, na kuandika ukweli wa Novemba. Lebo haikudanganya: lebo inajua mbegu ilitoka kiwandani, haijui ililala wapi. Mugisho hakudanganya. Habibah alikuwa amedanganya kitu kimoja tu, kwamba mzigo ulitoka kwake, na alikuwa akikilipia kwa kulala chini. Hapakuwa na tapeli hata mmoja tangu mwanzo.

"Tunaweza kuandika mbegu ilikufa kwa joto," Odyek alisema taratibu, bila kumtazama. "Kesi inafungwa. Joto haina jina."

"Faili linataka jina, Koplo. Bila jina jingine, hili lililopo halitoki. Ndivyo mkuu atakavyosema, na ndivyo mwendesha mashtaka atakavyosema. Watamwacha Habibah mle mpaka wamjue mwingine."

"Basi mtu wa stoo."

"Nani alimwambia aweke mbegu na dawa pamoja?"

Amri ya msako ilikuwa ukutani ofisini kwao, na chini yake palikuwa na jina moja.

* * *

Saa tisa na dakika kumi Habibah aliletwa ukumbini, bado bila viatu. Apio alikuwa kwenye benchi tangu asubuhi, kama alivyoahidi, mkoba mapajani. Alikuwa mwanamke mrefu, wa kusema kidogo, mwenye mikono ya jembe. Wanawake wale wawili walikuwa hawajaonana tangu siku ya kununua. Apio alisimama.

"Hajakuuzia mbegu feki," Nabalayo alimwambia Apio kabla hajakaribia. "Mbegu ilikuwa nzuri ilipoingia mjini. Ni mtu mwingine aliyeiua."

"Nani ameniulia?"

Ilikuwa rahisi zaidi kuliko alivyodhani, na ilikuwa mbaya zaidi.

"Mimi. Niliikamata mwezi wa kumi na moja nikidhani ni bandia. Nikaifungia kwenye chuma, juani, na sumu, miezi mitatu na nusu. Nikaitoa nikaitia sahihi kwamba ni nzima, bila kuitazama. Hawa wengine waliuza wakiamini sahihi yangu."

Habibah alifumba macho. "Nani amekwambia ilitoka kwa nani?" aliuliza, na hofu ilikuwa kwenye sauti yake kwa mara ya kwanza.

"Mifuko. Hukumtaja mtu. Yuko dukani kwake, anajua hukumtaja."

Mama yule aliketi kwenye benchi, karibu na mahali pa Apio, akaanza kulia waziwazi, kwa uchovu wa siku mbili. Apio alimtazama akilia, akausogeza mkoba wake ampe nafasi. Halafu akamrudia Nabalayo.

"Nyumba sitini," alisema. "Tulikopa ng'ombe za kulimia. Sasa mvua imebaki wiki tatu, mahindi haiwezi kukomaa. Huyu mama mlimshika kwa neno langu tu. Ate, na wewe, nani anakushika?"

Ukumbi wote ulisikia. Konstebo wa zamu aliacha kuandika. Simu ya Nabalayo ilikuwa ikilia mfukoni. Alijua ni mkuu wa kituo, akaiacha ilie mpaka ikachoka.

Alikwenda kaunta, akatia sahihi fomu ya kumwachilia Habibah, safari hii akisoma kila mstari, akaagiza viatu vyake viletwe. Kisha akachukua karatasi tupu ya maelezo ya mshukiwa, akaiweka mbele ya Odyek pamoja na kalamu. Akavuta kile kiti cha upande wa pili wa meza, kile kisicho na mto, akakikalia.

"Afande, mimi siwezi," Odyek alinong'ona.

"Unaweza. Nilikufundisha mwenyewe. Anza juu, usiruke kitu."

Odyek alikuwa amefanya kazi naye miaka minne. Alikuwa amekula kwake Pasaka, na mtoto wake wa pili alikuwa amemwita kwa jina la inspekta. Alivuta karatasi, akaisawazisha na ukingo wa meza, akakohoa. Mstari wa kwanza wa fomu ile una swali moja tu, nalo lazima liulizwe kwa sauti.

"Jina lako nani?" alimwuliza.